Nyumba ya Awasi na mstari uliokosekana

Mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya programu na mtandao mnisamehe kidogo, leo nazungumzia saruji, mabati na udongo. Kompyuta imo pia, na kwa kweli ndiyo iliyonitia matatani.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitaka kumjengea mama nyumba ya vyumba viwili nyumbani Awasi, kwenye barabara ya kutoka Ahero kwenda Kericho. Mita 6 kwa mita 4, si kasri. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nilifungua jedwali la kompyuta nikaorodhesha mawe, saruji, mchanga, kokoto, mbao, mabati na misumari, kila kitu na bei yake. Jedwali lilipendeza, hata nikalipaka rangi. Pesa zikaisha kabla ukuta haujafika kwenye linta.

Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Hakuna. Kila namba ilikuwa sawa na kila jumla ilikuwa sahihi. Fundi, mzee ambaye amejenga Kano tangu mimi sijazaliwa, aliishika ile karatasi, akaisoma pole pole, kisha akaniuliza: "Wuoda, hapa umeandika mawe, simiti na mchanga. Mbona hukuandika kuchimba?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee jinsi watu wa upande huu wa ziwa walivyokuwa wakikadiria gharama ya nyumba, tangu zamani hadi zama za jedwali. Nimegundua kwamba kosa langu lina historia ndefu.

Tuanze na nyumba ambayo haikuwa na bei. Nyumba ya Mjaluo ya zamani ilikuwa ya duara: nguzo, mara nyingi za mti wa siala kwa sababu mchwa hauupendi, fito za kufungia, udongo wa kukandika na nyasi za kuezeka. Karibu na ziwa na mabwawa kulikuwa na matete na mafunjo. Hakuna aliyeuza vitu hivi dukani. Gharama ilikuwa watu na wakati. Uliita majirani katika kazi ya pamoja inayoitwa saga, ukawalisha na kuwanywesha, na siku nyingine wewe ukaenda kwa mwenzako. Wanaume walichimbia nguzo na kuezeka, wanawake wakateka maji na kukandika.

Msifikiri hapakuwa na makadirio. Yalikuwepo, tena makali. Mtu anapohama kwa baba yake na kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe, jambo tunaloliita goyo dala, desturi inataka nyumba ya kwanza isimame siku hiyo hiyo ili familia ilale ndani. Hebu fikiria hilo kama mradi: una siku moja, jua likizama huna muda wa ziada. Maana yake nguzo, fito na nyasi ziwe zimehesabiwa na kukusanywa kabla, na ujue ni mikono mingapi itakuja. Ukikosea kukadiria, aibu inaonekana na kijiji kizima. Sisi waandishi wa programu tunaosogeza tarehe kila mwezi tungepata tabu sana.

Kuna jambo jingine ambalo kadirio lile lilikuwa nalo na langu halikuwa nalo: lilijua udongo. Uwanda wa Kano uko kati ya milima ya Nandi na miinuko ya Nyabondo, na mto Nyando umekuwa ukimwaga humo tope kwa karne nyingi. Sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unafura, kiangazi kikija unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaingia. Nyumba ya nguzo na udongo hutikisika pamoja na ardhi. Ukuta ukipasuka, unakandikwa upya, na kazi hiyo ilijulikana tangu mwanzo kuwa sehemu ya gharama ya nyumba. Ukuta wa mawe na saruji ni mgumu, haukunjiki. Ardhi ikisogea, unapasuka, na ufa huo hauzibwi kwa kiganja cha mkono.

Kisha ikaja kodi. Kisumu na sehemu zake zilikuwa chini ya himaya ya Uganda hadi 1902, zilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba kwa rupia. Ilihesabu paa. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi akalipa mara tatu. Kwa mara ya kwanza nyumba ya Kano iliandikwa kwenye kitabu ikiwa namba inayodaiwa fedha kila mwaka, na fedha hiyo ilipatikana kwa kuuza mazao au mifugo, au kwa kwenda kufanya kazi ya mshahara. Uzito wa kodi hiyo ni moja ya malalamiko yaliyowakusanya watu huko Lundha mwezi Desemba 1921, katika harakati inayokumbukwa kama Piny Owacho. Mwaka 1923 harakati hiyo ilielekezwa kwenye chama kilichoongozwa na Shemasi Mkuu (Archdeacon) Walter Owen, na jina la chama lenyewe lilitaja walipa kodi wa Kavirondo. Chama hicho kilihimiza wanachama wachimbe vyoo na kupanda miti.

Aliyehesabu paa hakuhesabu nguzo, wala nyasi, wala kazi ya majirani. Kwenye kitabu chake, nyumba iliyojengwa jana na nyumba iliyooza zilikuwa sawa. Hapo ndipo naona mwanzo wa tabia yetu ya kuchukua kile kinacholipiwa fedha na kukiita gharama yote.

Reli nayo ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, ikipitia Muhoroni na Kibigori, kaskazini mwa Awasi. Kabla ya reli, mizigo ya kutoka pwani ilibebwa na wapagazi, kila mmoja na kiasi cha kilo 30 hivi. Jaribu kubeba bati la mita 3 kichwani kutoka Mombasa, upepo ukivuma! Treni ilibadilisha hesabu hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi, Allidina Visram akiwa maarufu kuliko wote, walifungua maduka kufuata njia ya reli hadi Kisumu, na vitu vya kiwandani vikaanza kupatikana ndani ya nchi.

Bati lenyewe ni teknolojia nzuri sana, na wapenda teknolojia tunapaswa kuliheshimu. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza yake London mwaka 1829. Siri ni yale mawimbi: karatasi nyembamba ya chuma hukunjika ovyo, lakini ukiitia mawimbi inakuwa ngumu kwa upande mmoja na kubeba uzito wake juu ya mbao chache. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kupaka chuma zinki ili kisishike kutu. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unapata paa linalodumu miaka mingi bila kuezekwa upya.

Saruji ilichelewa kuwa ya hapa. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka 1933, na Bamburi ilianzishwa 1951 huko pwani. Mabati Rolling Mills ilianza mwaka 1962. Viwanda hivi vilikuwa mbali na ziwa, hivyo kila mfuko uliofika Awasi ulikuwa umebeba pia bei ya safari.

Baada ya uhuru bati likawa kipimo cha maendeleo. Katika miaka ya 1960 na 1970, hasa Mkoa wa Kati, akina mama waliunda vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walichanga fedha na kuezekeana nyumba kwa zamu. Mimi naliona hilo kama kadirio bora kuliko langu. Walijua nyumba moja inataka mabati mangapi, na walijua nani atapanda juu kupigilia. Walirudisha ile saga ndani ya uchumi wa fedha.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali la kwanza la kompyuta kuuzwa kwa wengi. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha namba moja, jumla zote hubadilika zenyewe. Kazi ya mchana mzima ikawa ya sekunde. Lakini jedwali lina unyamavu wa hatari. Ukikosea fomula linaweza kukulalamikia. Ukisahau mstari mzima, linanyamaza na kukupa jumla safi ya kitu ambacho hakipo.

Sasa turudi kwenye nyumba ya mama, tuone kile mstari uliokosekana uligharimu. Kuta za nje ni mita 20 na ukuta wa kati ni mita 4, jumla 24. Mimi niliandika msingi wa kina cha sentimita 60. Fundi alichimba akiutafuta udongo mgumu, akaupata kwenye mita 1.5. Tofauti ni sentimita 90. Zidisha kwa mita 24 unapata mita za mraba 21.6 za ukuta wa mawe ambao hakuna mgeni atakayeuona milele. Ukuta wote wa juu hadi linta, mita 2.1, ni mita za mraba 50.4 kabla ya kutoa milango na madirisha. Kwa hiyo nilizika ardhini zaidi ya theluthi moja ya ukuta ule. Juu ya hapo, udongo mweusi wa chini ya sakafu ulitolewa na moramu ikaletwa kwa lori na kushindiliwa, kwa sababu ukirudisha udongo ule ule sakafu itainuka mvua ikija.

Paa nalo karibu linikoseshe. Sakafu ni mita za mraba 24. Bati la mita 3, ukitoa sehemu inayolaliana, hufunika upana wa kama sentimita 76. Ukigawa kwa haraka unapata mabati 11. Lakini paa linatokeza nusu mita kila upande, lina mteremko, na lina pande mbili. Urefu unakuwa mita 7, yaani mabati 10 kila upande, jumla 20. Karibu mara mbili! Na ukiwa dukani kumbuka kwamba namba ya geji inakwenda kinyume: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Bei nafuu ina sababu.

Sakafu ndiyo rahisi. Zege la sentimita 10 juu ya mita za mraba 24 ni mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na kidogo ya kilo 50. Basi andaa mifuko 16.

Na kuna mstari mmoja ambao unarudisha pesa, nao watu huusahau pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa hili, likitazamwa kutoka juu, lina mita za mraba 35. Mvua moja ya milimita 20 ni kama lita 700, kasoro kiasi kidogo kinachopotea. Mfereji wa paa na tangi viingie kwenye kadirio tangu mwanzo, si baada ya mama kuteka maji mwaka mzima.

Mama alikaa msimu mzima wa masika katika nyumba yake ya zamani ya udongo, akitazama kuta zangu zisizo na paa zikinyeshewa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi moja nilimkuta akikandika ufa uliotokea usiku. Alichukua nusu saa. Aliniambia nyumba ile imemhifadhi kwa sababu kila mwaka anaipa siku zake chache. Kwenye jedwali langu, matengenezo yalikuwa sifuri.

Nyumba iliisha mwaka uliofuata. Jedwali bado ninalo, ila sasa mistari ya kwanza si mawe wala saruji. Kwanza ni shimo la majaribio: chimba kabla hujanunua kitu chochote, uone udongo mgumu uko wapi. Pili, maji yalifika wapi mwaka ule ziwa lilipojaa. Waulize waliokuwepo 1961 na 1962, au 2020. Tatu, lori. Nne, chakula cha vibarua. Tano, matengenezo ya kila mwaka. Baada ya hapo ndipo niandike bati.

Wewe unayejenga, ni mstari gani ulikosekana kwenye karatasi yako? Kabla ya kununua mfuko wa kwanza, mpe fundi mzee aisome. Haya, kazi kwenu.