Mzio na Ambukizo: Historia ya Istilahi Mbili

Neno "mzio" halikuzaliwa hospitalini. Kwa asili lilitaja kitu, aghalabu chakula, ambacho mtu hana budi kujiepusha nacho, ama kwa mwiko, ama kwa kuwa humdhuru yeye ilhali wenziwe hukila salama. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyolifanya lifae kuwa istilahi ya tiba, badala ya "aleji".

Dhana yenyewe si kongwe. Mjini Vienna, madaktari Clemens von Pirquet na Béla Schick waliwachunguza watoto waliodungwa dawa iliyotokana na damu ya farasi, kisha wakashikwa na homa na vipele. Mwaka 1905 walieleza kwamba hayo hayakuwa maradhi mapya ya kuambukizwa, bali mwili ulikuwa ukiipinga dawa. Mwaka 1906 Pirquet akaipa hali hiyo jina la kitaalamu.

Afrika Mashariki nayo imepata funzo lake. Thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, ilitumika miaka mingi Kenya na Tanzania. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wagonjwa wapatao 20 katika kila 100 wenye virusi vya Ukimwi walipatwa na mzio wa ngozi kwa dawa hiyo. Miongoni mwa wasio na virusi, alikuwa 1 tu katika 100. Homa na vipele vya namna hiyo vikidhaniwa kuwa ambukizo, mgonjwa huendelea kumeza kinachomdhuru.

Sasa tutazame zahanati ya milimani Kilolo, mkoani Iringa. Mgonjwa aletwa akihema, moyo ukienda mbio, shinikizo la damu limeshuka. Mzio mkali aghalabu huzuka ghafla baada ya chakula, sindano au kuumwa na nyuki. Midomo huvimba, ngozi huwasha, na adrenalini huhitajika mara moja. Ambukizo kali aghalabu hutanguliwa na homa, nalo likiwa la bakteria huhitaji viuavijasumu. Lakini penisilini iokoayo mmoja huweza kuwa mzio wa mwingine.

Kwa hiyo historia ya mgonjwa ni nusu ya utambuzi, na hapo ndipo mfasiri anapohusika. Mzee ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihehe, akiulizwa "Una mzio?", huenda akataja miiko ya ukoo wake. Istilahi na ibaki katika daftari la tabibu, katika fomu ya mgonjwa, yafaa tuandike: "Je, kuna dawa, chakula au mdudu aliyepata kukudhuru? Lini?"