Mchezo wa Olimpiadi ya Sataranji

Mchezo wa Olimpiadi ya Sataranji ni pambano la wachezaji wawili ndani ya shindano la timu za mataifa chini ya Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE), lililofanyika rasmi kwa mara ya kwanza London mwaka 1927. Wachezaji wanne wa kila timu huketi mezani na wa tano hubaki akiba. Hivyo sare moja ya meza ya nne huweza kuokoa nchi nzima. Kila mmoja huandika hatua kwa mkono na kubonyeza saa: dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kwa hatua zilizobaki, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Ubao una miraba 64, idadi ileile ya kete za mchezo wa bao.

Katika Afrika Mashariki, mmoja wa wachezaji wa Olimpiadi hiyo wanaofahamika zaidi ni Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Aliiwakilisha Uganda Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Mwaka 2012 jijini Istanbul, yeye na mwenzake wa timu, Ivy Amoko, walijipatia vyeo vya FIDE vya wanawake, hatua kubwa kwa sataranji ya ukanda huu.