Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, Lubumbashi

Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo ni kanisa la askofu mkuu wa Lubumbashi, mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lilijengwa kwa matofali mnamo 1920, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, na asili yake ni utawa wa Wabenedikto.

Wamonaki hao walitumwa mwaka 1910 na abasia ya Sint-Andries, karibu na Brugge, Ubelgiji. Abasia ya kwanza ya jina hilo ilianzishwa mwaka 1100 hivi na kubomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Ile mpya ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kanisa lake likachorwa kwa kukumbuka basilika 7 za Roma. Ndiyo maana huitwa Zevenkerken, yaani "makanisa saba". Hivyo Katanga ilipokea mapokeo ya karne nyingi kupitia nyumba iliyokuwa changa kabisa.

Kiongozi wao, Jean-Félix de Hemptinne (1876–1958), aliongoza Kanisa la Katanga hadi kifo chake. Alikuwa mjenzi hodari, lakini pia mtetezi mkubwa wa utawala wa kikoloni, na historia ya jengo hili haisimuliwi kwa haki bila kulitaja hilo.

Matofali yanastahili kuangaliwa kwa makini. Lubumbashi ina udongo mzuri wa vichuguu, unaofinyangwa na kuchomwa tangu mji uanze, na mafundi wake Wakongomani ndio walioujenga mji, ingawa majina yao hayakuandikwa ukutani.

Vikarieti ya kitume iliyokuwa chini ya de Hemptinne ilipandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 1959.