Wahudumu wa Afya wa Kebele (Ethiopia)
Wahudumu hawa ni watumishi wa serikali, aghalabu wanawake vijana wa mashambani, ambao tangu mwaka 2003 Ethiopia imewakabidhi dhamana ya kinga na tiba ya awali katika kebele, yaani daraja ya chini kabisa ya utawala wa nchi hiyo. Kwa kuwa matabibu walikuwa wachache, na wengi wao wakikaa mijini au wakihamia ng'ambo, ilionekana afadhali kumfundisha kwa muda wa mwaka mmoja msichana aliyemaliza darasa la kumi, ajuaye lugha na desturi za watu wake, kuliko kumngojea daktari ambaye huenda asifike kamwe. Kila kebele, yenye watu wapatao 5,000, ilipangiwa wahudumu wawili na kituo kidogo. Nao huzunguka nyumba kwa nyumba wakihimiza vyoo, chanjo, vyandarua na uzazi wa mpango. Jumla yao ilipita 30,000.

Kilichoupambanua mpango huu na mingi ya jinsi yake ni mshahara, na hapo, bila shaka, ndipo penye sababu kubwa ya kudumu kwake, kwani hisani peke yake hailishi mtu. Majukumu yao nayo yalipanuka: hapo awali wahudumu hawakuwa na idhini ya kutibu kichomi cha watoto kwa viuavijasumu. Idhini hiyo ilienezwa kuanzia mwaka 2010 hivi. Ujuzi wao wa ukunga, hata hivyo, ulikuwa haba. Miongoni mwa wafugaji wahamao masharti ya kuajiriwa yalilegezwa, hata wanaume wakaajiriwa.