Kabla Hujauza Bakuli la Kale la Kichina

Hapa Pwani, vyombo vya kale vya Kichina vilifika kwa biashara ya Bahari Hindi. Vikapangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, vikapachikwa kwenye makaburi ya mnara kama lile la Mambrui.

Mimi huanza na rangi. Vya kijani kilichofifia huitwa seladoni, na vingi vilitoka Longquan. Vyeupe vyenye michoro ya buluu, mji wake mashuhuri ni Jingdezhen. Kisha nageuza kitako. Maandishi ya jina la mfalme peke yake si ushahidi, maana mafundi wa baadaye waliyaiga ya wafalme wa zamani.

Kama bakuli ni la urithi, andika lilikuwa la nani na lilikaa nyumba gani, ulipige na picha. Bila historia hiyo, mnunuzi ndiye atakayekupangia bei.

Lililobanduliwa kaburini au kufukuliwa kwenye magofu ni jambo jingine. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na kutoa kitu cha kale nchini kunahitaji kibali. Ukiokota, toa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa.

Wachimbaji wa Gede, kuanzia James Kirkman mwaka 1948, walitumia vigae kama hivyo kukadiria umri wa majengo. Kwa hivyo anayebandua bakuli kaburini hauzi chombo tu. Anauza tarehe ya wazee wetu, na nasi tunabaki na tundu ukutani.