Homa ya Newala

Katika mwaka wa 1952 maradhi mageni yalizuka Newala, katika nchi ya juu ya Wamakonde, kusini ya Tanganyika. Nchi hiyo ni kavu. Watu walikuwa wakishuka mabondeni kuteka maji na kuyaweka nyumbani, na katika vyombo hivyo mbu wakazaana. Mgonjwa alishikwa na homa ghafula, viungo vikamwuma hata asiweze kusimama wima. Wamakonde wakayaita maradhi hayo chikungunya, yaani kile kimpindacho mtu. (Vitabu vingi vya kigeni vimedai kuwa neno hilo ni la Kiswahili, la, ni la Kimakonde.) Kwa dalili zake yalifanana mno na homa ya dengi, lakini jina la wenyeji ndilo lililogusa kiini, maana ni yale maumivu ya viungo yaliyoyatenga maradhi haya na yale.

Kuthibitisha jambo hilo hakukuwa kwepesi. Kirusi hakionekani kwa darubini ya kawaida, wala hakizaani ila ndani ya chembe hai. Tena hukaa katika damu ya mgonjwa siku chache tu. Huko Entebbe, Uganda, mtaalamu R. W. Ross aliwadunga damu ya wagonjwa watoto wa panya wangali wakinyonya, akangoja waugue. Ndivyo kirusi kilivyotengwa, kikapatikana pia katika mbu wa Newala.

Mtu angedhani kwamba tangu hapo mwenendo wake ulikwisha kujulikana: maji ya nyumbani, na mbu aitwaye Aedes aegypti. Lakini mwaka 1959 kirusi cha jamaa yake, o'nyong-nyong, kilizuka kaskazini ya Uganda kikichukuliwa na mbu wa malaria, kikawapata watu wapatao milioni 2, kisha hakikuzusha tena mlipuko mkubwa hata mwaka 1996.

Chikungunya yenyewe ilienea Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walipoweka maji majumbani kama wale wa Newala. Hilo lilieleweka. Mwaka uliofuata ilifika Réunion, ambako Aedes aegypti ni haba, na ingepasa ikwame. Badala yake iliwapata yapata theluthi ya wakazi wa kisiwa. Asidi amino moja tu ya ganda la kirusi, katika nafasi ya 226, ilikuwa imebadilika, na mbu mwingine, Aedes albopictus, akaweza kukieneza kwa urahisi.

Kwa nini basi badiliko hilo halikutokea Asia, kwao mbu huyo, ambako ukoo mwingine wa chikungunya ulikuwa umekaa miaka mingi? Ilionekana baadaye kwamba asidi amino nyingine, katika nafasi ya 98, iliondoa faida yake. Ungeonekana ukoo usio na hatari kubwa. Na huo ndio uliovuka mwaka 2013 hata visiwa vya Karibi, ukaenea Amerika, ukichukuliwa na Aedes aegypti, mbu yule yule wa Newala.