Reli ya Kati na Tabora

Reli ya Kati ni njia ya reli ya geji ya meta moja kati ya Dar es Salaam na Kigoma, takriban kilomita 1,250, inayopita Tabora. Kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji.

Upembuzi yakinifu. Kabla ya reli, mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila mmoja alichukua kilo 30 hivi: majora ya vitambaa, shanga na waya kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Nchi ilipokuwa koloni la Ujerumani, swali kuu la wapangaji wa Kijerumani lilikuwa kama biashara ya Unyamwezi, eneo la Tabora, ingetosha kurudisha gharama za reli. Bernhard Dernburg, msimamizi wa makoloni, alizuru koloni hilo mwaka 1907. Mwaka uliofuata bunge la Ujerumani liliidhinisha reli iendelezwe hadi Tabora.

Ujenzi. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika 1928, na Tabora ikawa njiapanda ya reli.

Reli ya kisasa. Mkataba wa reli mpya ya umeme ya Makutupora–Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini mwaka 2021. Swali la gharama na mizigo limerudi. Tathmini ya haki haina budi kupima pia manufaa ya wakulima wa tumbaku, warina asali na abiria wa Tabora.